Huruma Yako Imenitokea Puani

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, pasha tu. Kitindamimba anywe dawa saa nane, kijiko kimoja, si viwili. ~~Nitarudi mapema.~~ Msinisubiri.

Msimamizi wangu wa mafunzo ya vitendo amenipigia simu asubuhi hii ulipokuwa unaoga. Kumbe ulimfuata hospitalini kumwomba anitoe wodi ya dharura, eti nachoka. Amenitoa! Sasa nikapange mafaili, na saa za mafaili hazihesabiki kwenye shahada yangu ya pili. Muuguzi wa miaka kumi na miwili kazini naombewa ruhusa kama mtoto wa chekechea! Uchovu wangu hujawahi kuuona jikoni, umeuona wodini?

Naenda kumwomba anirudishe. Akikupigia, mwambie mkeo yuko njiani. Usiongeze neno.

Mama watoto