Meno Mawili ya Kaseti

Liuli,
9 Agosti 2024

Kaka yangu Nathanieli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Namswea, pamoja na wifi Notburga, na kwamba uchumaji wa kahawa haujawamaliza mikono. Sisi hatujambo. Goti la Mama limepoa, na dagaa wa usipa wamepatikana tele hata vichanja vya kuanikia havitoshi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunitania, nami hucheka, na lililonifanya nipige hubaki halijasemwa.

Chuoni nimepewa mradi wa kueleza ishara zinazopita katika tundu la kaseti la mashine ya gemu ya zamani. Nikaishusha ile yetu kutoka juu ya kabati, ilikokaa bubu tangu mwaka 2011. Mama akauliza kama hiyo ndiyo elimu inayonifanya nikonde.

Tundu lile lina njia sitini. Kwa baadhi yake mashine huuliza, kwa nyingine kaseti hujibu, na ipo moja ya kuiambia kaseti kwamba sasa ni zamu yake. Lililonishangaza ni sauti. Katika mashine ya aina yetu sauti haiendi moja kwa moja kwenye televisheni: hupitia jino moja la madini ukingoni mwa kaseti, huingia ndani, na kurudi kwa jino la jirani yake. Meno hayo mawili yakikosekana, picha itacheza vizuri huku mashine ikiwa kimya kabisa.

Niliazima kaseti nyingine kwa Othmar, fundi redio wa Mbinga. Nilipoichomeka, mashine ikaimba. Mama aliyekuwa akipepeta mahindi aliacha ungo akaja kusimama mlangoni. Mashine haikuwahi kuharibika, kaka. Tungekuwa na kaseti ya pili, tungelijua hilo siku ileile.

Unakumbuka hukumu ile. Baba alirudi kutoka ziwani akakukuta umeifungua mashine juu ya mkeka, unatafuta sauti ilikopotelea, akasema anayeua mashine ya nyumbani ataua na za watu. Nafasi yako ya chuo cha ufundi ikaishia hapo. Ukapelekwa Namswea kulima. Nani alimsikiliza mshtakiwa? Nani alidai ushahidi? Miezi mitatu iliyopita nilipanda juu ya meza ya bwalo nikauliza maswali hayohayo kwa ajili ya wenzetu waliosimamishwa masomo, na ukumbi mzima ukanipigia makofi. Nilishuka mezani nikiwa nimeona haya, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kaka, ni mimi. Asubuhi ya siku ile niliona meno ya kaseti yamefanya kutu, nikachukua kisu cha Mama cha kuparia magamba ya samaki nikayasugua. Mawili yakabanduka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikujua ni ya nini. Lakini sauti ilipokosekana nilishuku, na ulipokuwa ukigombezwa nilikuwa nyuma ya mlango, nikanyamaza. Kisha ada iliyokuwa yako ikanisomesha mimi. Utoto unaweza kuelezea siku ile. Hauelezi miaka kumi na mitatu.

Jana nilimweleza Baba yote, nikamwonyesha kaseti. Akapitisha kidole pale meno yalipobanduka, halafu akaniuliza wewe, kaka, una miaka mingapi sasa. Nikamwambia ishirini na tisa. Akasema Jumamosi ya wiki ijayo hatakwenda ziwani, atakuja Namswea, na nisimsaidie kutafuta maneno. Mimi nitafuatana naye. Mkitukuta uani, msilazimike kutukaribisha ndani. Tutakaa hapo hadi mtakapokuwa tayari.

Msalimie sana wifi. Mama anakusalimu, na amekuandalia usipa wakavu.

Ni mimi mdogo wako,
Siwema