Chai ya Harusi ya Pui San

Nyumba Na. 42,
Kampung Simee,
Ipoh, Perak.
19 Novemba 2017

Mpendwa Dada Sau Lin,

Pokea salamu zetu za nyumbani, mimi na Lai Yoke, na moshi wa ubani wa asubuhi niliouwasha mbele ya picha ya mama. Goti lako linaendeleaje tangu walipokupasua? Mwanao Kevin aliniambia unapanda ngazi bila fimbo, lakini yeye husema hivyo hivyo hata ukiwa umelala kitandani, kwa hiyo naomba uniandikie mwenyewe. Nadhani Vancouver baridi imeshaingia. Huku mvua inanyesha kila alasiri na nguo hazikauki.

Mimi sijambo. Presha imetulia na bado natembea hadi sokoni kila asubuhi. Lai Yoke naye mwili ni mzima. Hayo mengine ndiyo sababu ya barua hii.

Uliponiuliza kwa simu harusi ya Pui San ilikuwaje nikajibu "nzuri", Lai Yoke alikuwa amekaa kando yangu akichambua choroko zilizochipua. Nisingeweza kusema neno jingine. Niliyaandika yote katika shajara yangu siku zile zile, na hapa nafuata nilivyoandika, nisije nikatia chumvi kwa hasira.

Unakumbuka Pui San alivyoletwa kwetu baada ya ajali ya kaka yetu Wai Hong na mkewe. Alikuwa na miaka minne, na viatu alivyovaa ni vile ulivyomtumia wewe. Mwanzo alimwita Lai Yoke "Mama Mdogo". Siku moja alirudi kutoka shule akamwita "Mama", wala hakuna aliyemfundisha. Lai Yoke alitoka uani akajifanya anaanua nguo.

Kwa damu mtoto ni wa ukoo wetu, si wa Lai Yoke, na yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Ndiyo maana aliingoja chai ya harusi kwa miaka yote hiyo. Yule ambaye bibi harusi humpigia magoti, akamwita kwa cheo chake na kumpa kikombe kwa mikono miwili mbele ya watu, huyo ndiye mama, na hakuna wa kuuliza zaidi.

Pui San alipopiga simu kutualika Singapore, Lai Yoke alishona gauni jekundu na tukaanza mazoezi. Kila jioni yeye alikaa kwenye kiti cha jikoni, mgongo umenyooka, na mimi ndiye bibi harusi niliyemletea maji kwenye kikombe kidogo. "Bibi harusi gani huyu ana kitambi na mkono unamtetemeka?" alinifokea. "Rudi mlangoni, uanze upya!" Tulicheka sana siku zile, Dada.

Tulisafiri kwa basi hadi Johor, tukavuka mpaka kwa miguu na mabegi, kisha basi jingine. Tulichukua chumba mtaa wa Geylang kwa sababu ndicho tulichokimudu. Kijana wa mapokezi alituambia hakina dirisha, na kama tunataka dirisha kuna bei yake. Lai Yoke akaguna: "Hata dirisha wanauza! Tulale mapema, kesho watatuuzia mlango."

Chakula cha mchana tulinunua wali wa kuku sahani moja na vijiko viwili. Mama muuzaji akatutazama, akatazama sahani. "Anko, sahani moja watu wawili? Mko fungate?" Lai Yoke akamjibu, "Ndiyo, fungate ya miaka thelathini na tisa. Ongeza mchuzi basi." Yule mama akacheka, akaongeza mchuzi, halafu akamwambia mwenzake bila kupunguza sauti kwamba hela ya watu wa kwetu, ng'ambo ya daraja la mpakani, siku hizi ni ya kufungia karanga. Hilo tulilimeza pamoja na wali.

Pui San alikuja kutuona jioni. Hakupanda chumbani, tulikutana kwenye mkahawa wa chini. Alikuwa amekonda. Mabalungi tuliyombebea kutoka kwetu hakuyachukua, alisema gari limejaa. Alileta zawadi kwenye mfuko mzuri wa karatasi: blauzi ya kijivu na suruali nyeusi ya Lai Yoke, shati la kijivu langu. "Hapa watu hawavai nyekundu tena, Mama. Vaeni hizi, ni nguo za bei." Lai Yoke alizipapasa muda wote tuliokaa mezani. Lile gauni jekundu alilirudisha chini kabisa ya begi, akaniambia kwa fahari kwamba mtoto amekumbuka hata kipimo cha kiuno chake.

Asubuhi tulifika kwa familia ya bwana harusi, akina Quek, wanaouza mafuta ya meli. Ni jumba la ghorofa lenye lifti inayofungukia ndani ya nyumba yao. Mlango ulipofunguka niliona wanawake wawili wa kukodi wakipita na masinia. Walivaa blauzi za kijivu na suruali nyeusi. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameshaona. Akashusha tu mikono ya blauzi, kama mtu mwenye baridi.

Chai ilianza kwa upande wa bwana harusi: bibi yao mzaa baba, wazazi, kisha ami na mashangazi. Pui San alipiga magoti juu ya mto mwekundu kwa kila mmoja. Alipendeza, siwezi kukuficha. Kisha mshereheshaji akasema, "Sasa wazazi wa bibi harusi!"

Lai Yoke akainuka. Akapiga hatua kuelekea viti, na mimi nyuma yake. Papo hapo mwanamume na mwanamke waliovaa hariri wakatupita, wakakaa. Baadaye nilijua kuwa ni bosi wa Pui San na mkewe. Tukabaki tumesimama katikati ya sebule mbele ya watu wote.

"We yaya!" shangazi mmoja akapaza sauti huku simu yake ikirekodi. "Chai yako iko jikoni! Dereva naye anataka kiti?" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Waacheni, kwao huko kiti wanakiona kwenye basi tu."

Hapo ndipo tulipojua, Dada, kutokana na maneno yao. Binti yetu alikuwa amewaambia kwamba baba yake alikuwa tajiri wa migodi ya bati, kwamba wazazi walikufa wakaacha jumba, na kwamba alilelewa na yaya na dereva wa nyumba. Wai Hong, aliyekufa ndani ya lori la watu, amepewa migodi. Wala si Pui San aliyetaka sisi tuwepo. Mama yake bwana harusi ndiye aliyeshikilia kuwa yaya mwaminifu namna hiyo lazima aletwe aonekane.

Mama huyo aliwakemea wenziwe. "Acheni kucheka. Amembeba mtoto wa watu mgongoni. Wakimaliza wakubwa, naye apewe kikombe." Alisema kwa wema kabisa. Afadhali angetutukana.

Nilifungua mdomo niseme mimi ni nani. Lai Yoke akanikanyaga mguu. Kisha akamwinamia yule mama na kusema, "Nisamehe, bibi mkubwa. Miguu ya kizee haijui zamu." Pui San alikuwa akitazama buli. Hakuinua macho hata mara moja.

Zamu yetu ilipofika, mto uliondolewa. Pui San alitupa vikombe akiwa amesimama, kwa mkono mmoja, kama mtu anayepitisha chumvi. Wazee wote waliokunywa kabla yetu walimpa bibi harusi bahasha nyekundu au dhahabu. Sisi, mama mkwe wake ndiye aliyetupa bahasha. Akaisukuma mfukoni mwa blauzi ya Lai Yoke, akaupigapiga mfuko. Lai Yoke akashukuru kwa mikono miwili. Chai yake hakuionja.

Aliomba ruhusa akaenda jikoni na kuanza kuosha vikombe. Bahasha akawapa wale wanawake wa kukodi. "Gawaneni, mama zangu. Nyinyi mmefanya kazi kweli." Nilisimama kando ya friji nikiwa sijui mikono yangu niiweke wapi.

Pui San alitufuata, gauni amelikusanya mikononi. "Mama, wangenikataa," alinong'ona. "Huwajui hawa. Nipe muda kidogo, nitawaeleza. Mama, tafadhali."

"Toka, bibi harusi," Lai Yoke alisema bila kugeuka. "Utalowesha gauni."

Mama mkwe akaingia akiuliza kuna nini. Pui San aligeuka rangi. Lai Yoke alifuta mikono, akamjibu kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba yangu: "Tunaagana, bibi mkubwa. Kwetu Ipoh, yaya akimaliza kazi, mtoto aliyemlea humpigia magoti, humwita kwa jina alilozoea kumwita utotoni, na humpa chai. Yaya akinywa, amemwachia njia. Asipoagwa hivyo, mtoto huyo hashiki mimba."

Desturi hiyo haipo, Dada. Aliitunga pale pale kwenye sinki.

Lakini yule mama aliposikia habari ya mimba alimshika Pui San bega. "Umesikia? Piga magoti. Mimi nataka wajukuu." Pui San akasema sakafu imelowa. "Basi ilowe! Gauni si utalivua jioni?" Mashangazi walishajaa mlangoni, simu juu. Mmoja akasema, "Harusi ya leo ina sinema mbili."

Pui San akapiga magoti kwenye maji ya vyombo. Wakampa kikombe. Akakiinua kwa mikono miwili, kama nilivyokiinua mimi kila jioni kwetu.

Lai Yoke hakukipokea. "Niite kwanza," alisema. "Ulivyokuwa ukiniita."

Nilijua anachokifanya. Hakuna ambaye angeshtuka, Dada, hata mmoja wao. Watoto wengi huwaita yaya zao mama. Alikuwa amemfungulia mtoto mlango, mlango ambao angepita bila kupoteza chochote, wala mume, wala nyumba, wala hiyo migodi ya bati. Neno moja tu. Nilimwona Pui San akimtazama mama mkwe, kisha zile simu.

"Yaya," akasema. "Karibu chai."

Lai Yoke akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akakitazama. "Imepoa," akasema, akaimwaga kwenye sinki taratibu, akasuuza kikombe, akakifuta, akakipanga na vingine.

Mama mkwe akaanza kulia kwa hofu ya wajukuu, akimfuata Lai Yoke hadi kwenye lifti na kumsihi arudi anywe hata funda moja. "Mwambie yeye achemshe nyingine," Lai Yoke alimjibu. "Anajua inavyotakiwa kuwa." Mlango wa lifti ulijifunga huku wakimgeukia Pui San wote kwa pamoja, wakimuuliza alimkosea nini mtumishi wake. Sikumwonea huruma. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza Lai Yoke, kama angeitwa Mama angefanya nini. Alinijibu tulipokwisha kulipita daraja. "Ningekunywa," akasema. "Hata kama wangekuwa wametia sumu."

Pui San amepiga simu mara nyingi. Mimi nimepokea mara moja. Anasema mama mkwe hamwachi, kila siku anamtaka amlete yaya anywe chai, na mume ameanza kuuliza maswali kuhusu migodi. Analia. Nilimwambia anitafutie neno la kumpelekea Lai Yoke, akasema anaomba msamaha. Nikalipeleka. Lai Yoke alikuwa anakata vitunguu. "Wewe ni baba yake mdogo kwa damu, hilo hakuna wa kulifuta," akaniambia. "Mimi nilikuwa nangoja chai. Nimeletewa, nimeimwaga. Sogea, unanizibia mwanga."

Pui San atakuandikia na wewe, nina hakika, akuombe useme na Lai Yoke kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wetu. Sikukatazi. Ila ukisema naye, usimwambie mtoto ni mtoto. Maneno hayo nilishayasema mimi, na kwa siku tatu nilijipikia.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nisingoje. Lile blanketi la sufi ulilowatumia maharusi kwa anwani yetu lilifika juzi. Nilikuwa sokoni. Niliporudi, Lai Yoke alikuwa amekwisha kulirudisha posta bila kulifungua. Karani, Encik Rosli, ambaye alimjua Pui San tangu akiwa na meno ya utoto, alinieleza kuwa alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Kisha akamwachia kalamu. Likikufikia huko usidhani posta wamekosea. Chini ya jina la Pui San utakuta mwandiko wa Lai Yoke: "Hatumjui mtu huyu."

Msalimie shemeji, na Kevin na mkewe, na mdogo wake Brenda. Mwambie Bibi Chong jirani yako kwamba dawa yake ya viungo imenifaa. Lai Yoke anakusalimu sana na anakuombea goti lipone upesi. Mababu wakulinde na baridi ya huko, wakupe usingizi mwema na watoto wanaokukumbuka.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Foong Wai Keong