Naiomba radhi drili yangu nyekundu

Jumapili, mwezi wa saba. Ukungu umekaa juu ya Songea tangu alfajiri na vidole vyangu vimekufa ganzi. Dada wa hapa kafe ya intaneti ananitazama ninavyogonga herufi kana kwamba nitamvunjia kibodi. Asihofu. Hivi vidole ni vya fundi.

Tena fundi mwenye drili ya betri.

Nimekuja kuandika maungamo. Misa nimetoka, lakini hili la drili sikuona namna ya kumweleza padri akanielewa.

Nianze na Bibi. Bibi mzaa mama anaishi Lusewa, peke yake, kwenye nyumba yake na kuku zake. Masika iliyopita aliugua homa, akalala siku mbili ndani bila mtu kujua, mpaka jirani alipoona kuku wanazurura na hawajalishwa. Tangu siku hiyo Mama akisikia gari limesimama nje usiku anashtuka na kuketi kitandani, akidhani ni habari ya Bibi. Tukambembeleza Bibi ahamie kwetu mjini, Bombambili. Akatoa sharti moja tu.

"Chumba cha pazia ni sebule. Mimi si mgeni wa sebuleni. Nikija nikakuta pazia, narudi na gari lililonileta."

Mimi nikaruka. Bibi, nikamwambia, mlango wako nautengeneza mwenyewe, wa mninga, na naufunga kwa mashine. Akacheka. "Haya, mume wangu. Tutaona kama nimeolewa." Bibi yangu huniita mume tangu nilipokuwa natambaa, na mimi sijawahi kuikataa ndoa.

Siku hizi maduka ya hapa yana kila kitu. Fundi wetu, mwenye karakana ya Majengo ninapofanya kazi, anasema enzi zao hata msumari uliufuata kwa kibali na foleni. Sasa mtu kama mimi, niliyeagana na shule kidato cha pili, naingia dukani kwa miguu yangu natoka na drili ya betri, nyekundu, mpya, bado ina harufu ya boksi. Siku naileta karakana nilipita njia ndefu makusudi. Wasichana wa kwa mshona nguo waliiona. Nilihakikisha.

Kwa hiyo karakana ikawa na drili tatu za betri. Kijani ya Fundi, kuukuu, ilitoka Ulaya na mtu wa misheni aliyerudi kwao. Njano ya Saidi. Na Nyekundu yangu.

Saidi ni mwenzangu kazini, Myao wa Namasakata kule Tunduru, mtu wa swala tano na maneno elfu. Yeye hunicheka kwa Ungoni wangu, mimi humcheka kwa korosho zake, na siku asipokuja kazini karakana inanuka upweke. Hili asilisome.

Jumatatu tukazishindanisha. Ubao mmoja wa mninga, biti za kutobolea za saizi moja, betri zote zimejaa. Kijani inazunguka taratibu kama ng'ombe wa kulima, lakini ilitoboa matundu arobaini bila kulalamika. Njano ilifika ishirini na sita, ila meno yake yanayoshika biti yamelegea. Ukivuta, mashine inakuja na biti inabaki kwenye mbao. Nyekundu yangu ilipiga kelele kuliko zote.

Matundu manne. Na moshi.

"Hiyo si drili," Saidi akasema, "hiyo ni jiko la mkaa lenye mpini."

"Mpya hiyo, inapasha misuli."

"Wallahi ikimaliza kupasha utuite tule mahindi ya kuchoma."

Nilijitetea siku ile, lakini moyoni nilishaihukumu. Wiki nzima nikaitukana. Niliwaambia wateja wawili, tena kwa sauti ya mjuzi, kwamba mashine za siku hizi haziaminiki, rangi nzuri ndani hewa. Mnaona nilivyokuwa.

Bibi akafika Ijumaa jioni na pikapu ya Mjomba, kaka yake Mama, anayesafirisha mizigo kati ya Lusewa na mjini. Mlango nilikuwa nimeumaliza, nimeuegemeza ukutani, komeo tayari limeshafungwa. Kilichobaki ni bawaba. Bawaba tatu, skrubu sita kila moja, matundu kumi na nane. Na mninga huwezi kuubembeleza. Ukipeleka skrubu bila tundu, inakatika kichwa.

"Nimeona mbao," Bibi akasema akitazama pazia. "Mlango sijauona."

"Kesho asubuhi, Bibi."

"Gari la mwanangu linaondoka kesho saa tisa alasiri. Mizigo yangu isishushwe."

Haikushushwa. Ililala ndani ya pikapu: gunia la mihogo mikavu, kinu chake kidogo, kuku watatu kwenye tenga. Mama alipita pale mara tatu akiitazama, kama mtu anayetazama maiti.

Jumamosi kila kitu kikanigeuka. Fundi alikuwa amekwenda na Kijani kwenye kazi Peramiho. Umeme ulikatika tangu Ijumaa. Jenereta za mji zilikuwa kwenye zamu ya kuwapa umeme wenzetu wa upande mwingine. Nikabaki na Nyekundu na chaji iliyokuwa ndani yake, nikampigia Saidi simu aje na Njano. Akaja, sitamnyima haki yake. Alikuja bila kunywa hata chai.

Nilianza saa nne. Saa saba na nusu nilikuwa na matundu matano.

Matano! Nakandamiza mpaka kifua kinauma, Nyekundu inalia, mbao inatoa moshi, napumzisha betri, naanza tena. Vijitaa vya betri vilikuwa vitatu, vikawa viwili. Saidi akajaribu Njano, biti ikabaki kwenye fremu, tukaing'oa kwa koleo. Hakunitania hata neno moja. Hapo ndipo nilipoogopa, maana Saidi akinyamaza ujue mambo yameharibika.

Nilimtazama Mama mlangoni pa jikoni. Aligeuza uso.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani anasokota kamba, miguu ameinyoosha, ananitazama saa nzima. Hajui kusoma hata herufi moja, huyu bibi yangu. Mwishowe akauliza, "Mume wangu, hapo unatoboa au unachoma?"

"Mninga mgumu, Bibi."

"Mninga naujua. Babu yako alichonga mninga. Keke yake ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa inatoa unga. Hiyo yako mbona inatoa moshi tu? Hebu izungushe hewani niione."

Nikaizungusha. Akainamisha kichwa, akaangalia ile biti jinsi mifereji yake inavyojiviringa, kisha akaangalia kamba iliyokuwa kwenye paja lake. Akaisokota mbele kidogo. Akaizungusha kinyume, ikafumuka.

"Hapo husokoti," akasema. "Unasokotoa."

Nikamwambia Bibi, hii ni mashine, si kamba. Lakini Saidi alishainyakua. Pale juu ya kidole cha kubonyezea kuna kiswichi chenye herufi mbili, F na R.

"Umeweka wapi?"

"R."

"Kwa nini R?"

Nikamjibu kwa subira, kama msomi anavyomjibu mtu wa shambani. "F ni Fungua, Saidi. Ni ya kutolea skrubu. R ni Rudisha, ya kuingizia. Sasa mimi nafungua au narudisha?"

Akanitazama. "F ni Funga!"

"Fungua!"

"Funga, wewe kidato cha pili! Unafunga mlango, unaweka Funga!"

"Nimeisoma mimi, ni Fu-ngu-a!"

"Jaribuni zote mbili," Bibi akasema. "Gari linakuja."

Nikasukuma kiswichi kwenye F. Nikaweka biti kwenye alama ya tundu la sita. Nikabonyeza.

Iliingia kama kisu kwenye papai.

Unga mwekundu wa mninga ukamwagika kwenye vidole vyangu, wa moto, unanukia. Wiki nzima nimeiendesha drili ya watu kinyumenyume. Ile Kijani ya Fundi haina herufi, ina mishale iliyochorwa, ndiyo maana hatukuwahi kukosea. Skrubu nazo huwa nafunga kwa bisibisi, kwa kujivunia mkono wangu, kwa hiyo sikupata hata nafasi ya kuona kwamba Nyekundu inazifungua. Masikini, ilikuwa inatoboa mninga kwa mgongo wake, ikatoboa manne Jumatatu, na jana matano. Matano! Kwa mgongo! Nani kati yenu angeweza?

Nimemuuliza dada wa hapa kafe sasa hivi, amesoma huyu. Kasema F si Funga wala Fungua. Ni fowadi. Mbele. Mimi, ninayevaa jezi namba tisa kila Jumapili jioni uwanjani, nimeshindwa kumtambua fowadi.

Turudi kwa mlango. Saidi aliangua kicheko mpaka akakaa chini, lakini akacheka huku ameshika mlango usitikisike. Nikatoboa la saba, la nane, la tisa, moja baada ya jingine. Kitaa kimoja kilibaki, kikaanza kukonyeza. Kumi na tano. Kumi na sita. Nyekundu ikashusha sauti, ikashusha tena, ikasimama ndani ya mbao na roho yake ikatoka.

Mawili yalibaki, bawaba ya chini. Saa nane na robo.

Saidi akaichukua Njano. Akachana kipande cha msasa, akakizungushia kwenye shina la biti ili yale meno yaliyolegea yapate cha kung'ata. Akasema Bismillahi, akatoboa mawili, taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Biti haikubaki ndani. Mimi nikafuata na bisibisi, skrubu zote kumi na nane, mlango ukasimama.

Nikiulizwa leo ipi ya kuaminika kati ya drili tatu, najibu hivi. Kijani kwa mwendo mrefu. Nyekundu kwa nguvu, ukiijua mbele na nyuma yake. Njano haina la maana, labda uiazime pamoja na Saidi mwenyewe.

Saa tisa kasoro Bibi akaingia chumbani. Akaufungua mlango, akaufunga. Akaufungua, akaufunga. Halafu tukasikia komeo limelia.

Mjomba akapiga honi. Akashuka, akaja mpaka mlangoni. "Mama, twende, giza litatukuta njiani."

"Nani anapiga kelele mlangoni kwa mtu?" sauti ikatoka ndani.

"Mimi, mwanao."

"Bisha hodi kama watu wengine."

Mjomba, mtu mzima na kitambi chake, akagonga. "Hodi, Mama."

"Sikaribishi leo. Napumzika. Shusha mizigo yangu, na uangalie kuku."

Mama alicheka, akafunika uso kwa khanga, akaingia jikoni na hakutoka kwa muda.

Hayo ndiyo ningependa yawe mwisho, maana hapo natoka mzuri. Lakini nilisema ni maungamo.

Baada ya Mjomba kuondoka nilimkuta Mama amesimama kwenye korido, anapitisha kiganja juu ya mlango wa Bibi, polepole, kutoka juu hadi chini. Hakujua namwona. Kisha akageuka, akasogeza pazia la chumba chake, akaingia.

Pazia. La maua ya bluu, lile lile tangu nikiwa darasa la kwanza. Miaka yote hii ya kazi nimetengeneza milango ya watu mji huu mzima, nikamtangazia kila mtu ufundi wangu, na mama yangu anavalia nguo nyuma ya kitambaa. Hakuomba hata siku moja. Bibi ametoa sharti, akapata. Mama hakutoa, hakupata.

Leo asubuhi, alipotangulia kanisani, nimepima fremu yake. Nimeandika vipimo kwenye kiganja, navitazama hapa ninapoandika, jasho halijavifuta. Mninga wa kutosha upo karakana. Umeme umerudi na Nyekundu iko kwenye chaja.

Naanza kesho, kabla hajajifunza kuniomba.