Mke Mwenzangu wa Bati

Kimandolu, Arusha

Dada yangu Eliamani,

Shikamoo dada. Huku tunapumua, na hilo ndilo la kushukuru kwanza. Mguu wa mama umepona? Na mgongo wako je? Anaeli sasa ana meno mawili, ananing'ata akinyonya. Silali nikashiba usingizi, kwa hiyo mwandiko ukipinda unisamehe.

Dada, nimepata mke mwenza. Usimwite baba bado. Ni garimoshi la kuchezea, la bati, urefu wake kutoka kiwiko changu mpaka vidoleni. Mwenyewe ni mzungu mmoja wa shamba la kahawa kule Nduruma, mtu mzima wa mvi. Alilipeleka duka la Mhindi, pale shemeji yako Elisante anapotengeneza redio, akataka litiwe taa mbele na nyuma kama magari ya stesheni. Elisante akasema siku tatu tu. Si alijifunza nyaya jeshini! Mimi akaniambia, "Likiisha hili tunapanda gari la kweli, tunampeleka mtoto Usangi, mama amwone." Nikafunga sanduku siku ile ile. Leo ni wiki ya sita, na nguo nazichomoa humo moja moja.

Umeme wa gari hilo unatoka kwenye reli, unapandia magurudumu, na mwili wake wote ni chuma. Waya ukigusa mwili, cheche, harufu ya kuungua, na taa imekufa. Taa zenyewe ni kama punje za mtama. Ameshaziua nne. Kila jioni analileta kwa baiskeli, analiinamia, analibembeleza: "Pole mama, pole, tunamaliza." Dada, mimi sijaambiwa pole tangu nijifungue.

Jumapili nilikwenda kanisani peke yangu na mtoto. Kurudi, nakuta garimoshi limelala kitandani kwangu, limeviringishwa blanketi la Anaeli, lile ulilomletea wewe.

"Baba Anaeli, hilo blanketi la nani?"

"Baiskeli inarukaruka, mke wangu. Nyaya zitakatika."

"Na kifua cha mwanao? Baridi hii ya Meru wewe huisikii?"

Akacheka. "Yaani unalionea wivu bati?"

"Angekuwa mwanamke ningemtoa nje kwa nywele. Hili nilishike wapi?"

Nikamtua mtoto mapajani mwake, nikalichukua mimi. Nikachungulia tumboni mwa gari. Kumbe waya ameufunga kwa karatasi, na karatasi inachanika kila akiupenyeza kwenye tundu! Nikatoa uzi wangu, nikauzungushia waya ule, mbanano, kama tulivyokuwa tukifungana nywele kwa uzi, mimi na wewe. Nikapaka nta ya mshumaa, nikaupitisha kwa sindano. Yeye akaunganisha betri za redio. Taa ya mbele ikawaka, na ya nyuma.

"Imewaka!" Alipiga kelele hata Anaeli akaangua kilio. Akalibusu. Gari, dada. Si mimi.

Mzungu alipolifungua dukani akauliza, nani amefunga uzi vizuri hivi? Shemeji yako akajibu, "Mimi, bwana." Amenisimulia mwenyewe, meno yote nje. Basi mzungu akafurahi, akamwachia la pili.

Sikupaza sauti. Nilimwambia, "Jumamosi mimi na mwanangu tunapanda gari la kweli, na sindano yangu naondoka nayo. Wewe chagua." Jana nimemwona anapaka viatu rangi, na la pili silioni tena mezani. Sijui amelirudisha, sijui amelificha.

Mwambie mama asitwange peke yake kwa ajili yetu, nitatwanga nikifika. Msalimie mjomba mpiga kengele, na shangazi wa vyungu, mwambie chungu changu kile bado hakijapata ufa.

Jumamosi njooni stesheni ya Lembeni. Tukishuka wawili, msiniulize kitu, nipokeeni mtoto tu. Tukishuka watatu, mpokeeni shemeji yenu kwa heshima zote. Lakini akiwa na kifurushi, kifungueni kabla hamjampa maji ya kunywa.

Ni mimi mdogo wako mwenye usingizi,
Mama Anaeli