Skripti ya Njeru

Jumatatu, 3 Machi
Chai, dawa ya macho, kazi. Kama kila asubuhi. Mume wangu Njeru anaangalia dari, mimi natia matone. Anapepesa, analalamika mkono wangu una baridi. Presha ya macho haimuumi. Inamla tu kutoka pembeni, polepole. Daktari hapa Embu alisema kilichoenda hakirudi, tulinde kilichobaki.

Jioni alitafuta kiongezo cha kumsomea kurasa kwa sauti. Vile vijiprogramu vya kubandika kwenye kivinjari. Hakukipata. Akafunga laptopi, akalala mapema.

Jumanne, 4 Machi
Nilikaa kando yake nione anavyotafuta. Sikuwa najua. Mimi nikifungua ile tovuti ya viongezo naona ukurasa mzima, na macho yanaruka takataka yenyewe. Matangazo ya kulipia, nyota za kupima ubora, picha za kuchezacheza, kitu kimoja kimenakiliwa kwa majina chungu nzima. Yeye amekuza maandishi hadi anaona kipande kama cha kiganja. Anasukuma ukurasa, tangazo. Anasukuma, nyota. Anasukuma, tangazo lile lile.

Nikanyoosha mkono nimshikie kipanya. "Acha nifanye," akasema. Nikaacha. Iliniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya. Alichoka kutafuta, akabandika cha kwanza kilichosema kinasoma. Kilikuwa feki. Leo alikuwa na Kidato cha Tatu, somo la Kiswahili, projekta imewashwa. Ukutani matangazo ya kamari yakaanza kufunguka, moja juu ya lingine. Hakuyaona. Aliendelea kufundisha. Watoto wakacheka. Mmoja ndiye aliyemwambia, "Mwalimu, angalia ukuta." Akazima kila kitu, akatoka nje.

Haya nimeambiwa na mwalimu mwenzake kwa simu. Yeye mwenyewe hajasema neno. Nimekifuta hicho kitu, nikabadilisha nywila zake zote. Nina hasira na watu nisiowajua.

Ijumaa, 7 Machi
Amesema. Akivua viatu mlangoni. "Mama Makena, muhula huu ukiisha, naacha."

Njeru bila darasa. Siwezi kumwona. Nilienda jikoni, nikafungua mfereji, nikalia. Kisha nikampakulia.

Jumamosi, 8 Machi
Nilikuwa niende Mitunguu kwa mama. Sikwenda. Nimeandika skripti, programu fupi ya kivinjari.

Kutengeneza tovuti ndiyo kazi yangu ofisini, kwa hivyo si uchawi. Kivinjari kikifungua ule ukurasa, skripti inausafisha kwanza. Matangazo, nje. Nyota na picha, nje. Nakala zinakunjwa pamoja. Linabaki jina, kazi yake, na aliyekitengeneza. Herufi za njano juu ya weusi. Mwishoni nikaongeza sheria moja: kisicho na watumiaji wengi kisionekane kabisa. Sitaki aaibishwe tena.

Kiuno kinauma. Sijui hata kama atakubali kukaa mbele ya hiyo mashine.

Jumapili, 9 Machi
Alikaa. Baada ya kanisa, kwa ajili yangu tu. Akasukuma, akasimama. "Kumbe ukurasa unaweza kutulia hivi?" Akasoma vyote, kimoja kimoja, mwenyewe. Sikugusa kipanya.

Akajaribu vyote. Vyote vinasoma Kiingereza vizuri. Kiswahili vinakivunja mifupa. Akaniuliza kama ni hivyo tu viko. Nikamwambia ukweli, kwamba vingine nimevificha.

Akaondoa mkono kwenye kipanya. "Umenichagulia," akasema. "Matangazo, toa. Lakini usinifichie vitu kwa sababu unanihurumia. Bado sijawa mtoto."

Akaenda kwa ng'ombe, akakaa huko sana. Ana haki. Hiyo ndiyo inauma zaidi.

Jumanne, 11 Machi
Tunaongea maneno ya lazima tu. Chumvi. Maji. Mlango.

Nimeitoa ile sheria. Sasa vyenye watumiaji wachache vinaonekana, ila viko mwisho, na kila kimoja kimeandikiwa wazi kinaomba ruhusa gani. Akibonyeza herufi moja, ukurasa unarudi na fujo zake zote. Akitaka. Nilimweleza hayo, na kwamba kikiomba zaidi ya kazi yake akiache. Alisikiliza. Akasema, "Sawa." Ilikuwa sawa ya kweli, naijua.

Alhamisi, 13 Machi
Wenye tovuti wamebadilisha mpangilio, skripti ikafa. Njeru alinipigia nikiwa kazini. Nilidhani anasema basi, tuachane nayo. Akasema, "Mama Makena, makelele yamerudi. Utakuja kuyatoa saa ngapi?"

Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Jioni nikarekebisha. Alinishikia kikombe cha chai muda wote.

Jumamosi, 15 Machi
Nilikuwa nje nafua. Nikasikia sauti ya mwanamke ndani ya nyumba yangu. Nikaingia mbio na povu mikononi.

Njeru alikuwa peke yake, mikono magotini, kama mtu aliye kanisani. Laptopi ilikuwa inamsomea gazeti. Kwa Kiswahili. Kiswahili kabisa.

"Imesema ng'ombe," akaniambia. "Na ikaitamka sawasawa."

Alikipata mwisho wa orodha. Kimetengenezwa na mtu mmoja, kina watumiaji wa kuhesabika, kinaomba ruhusa ya kusoma ukurasa uliofunguliwa tu. Ni kile ambacho sheria yangu ingemfichia. Naye alijua. Nikakaa kwenye mkono wa kiti chake, tukasikiliza hadi habari za hali ya hewa. Nguo zikangoja.

Jumatano, 19 Machi
Amewaambia Kidato cha Tatu kuhusu macho yake. Alinisimulia yote tukila.

"Nimewaambia macho yangu yanaenda, kwa hivyo siku hizi kuna sauti inanisaidia. Halafu mmoja akauliza kama mtihani wa Ijumaa bado uko."

"Ukasema?"

"Nikasema uko. Wakalia."

Alikuwa anacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho alicheka na chakula mdomoni. Kuhusu kuacha, sijauliza. Naogopa kuuliza.

Jumapili, 23 Machi
Mvua tangu tutoke kanisani. Tumekaa sebuleni nikichambua maharagwe ya njahi. Laptopi inasoma makala kuhusu migomba, yeye anaikosoa kila ikikata sentensi vibaya, kama mwanafunzi wake.

Katikati ya makala akasema muhula ujao anataka kuanza ushairi mapema na Kidato cha Tatu, kwa sababu wanauogopa bure. Alisema tu hivyo, kama mtu anayesema kesho ni Jumatatu. Kisha akarudi kwa migomba.

Sikuinua uso. Niliendelea na njahi, moja moja, nikaacha mvua inyeshe.