Vitambaa vya Makochi vya Mama Mkwe

Jumapili, Krismasi inanukia

Na mie nilishaapa simfumii tena mama mkwe hata kitambaa kimoja! Krismasi iliyopita nilimpelekea seti nzima ya vitambaa vya makochi, nyeupe, yenye maua ya bluu pembeni. Miezi mitatu nafuma, vidole vikaota sugu. Tangu hapo kila nikienda kwake Mbezi Beach nakuta makochi matupu. Nikajua amevigawa. Nikajua hanipendi, basi tu.

Leo tumetoka kanisani, kanituma chumbani nikamtolee khanga sandukuni. Kufungua, nakuta vitambaa vyangu vyote, vimepigwa pasi na kukunjwa kama nguo za harusi.

“Mama, mbona huvitandiki?”

“Nitandike wajukuu wavimwagie chai? Vile ni vizuri mno, mwanangu. Nimeviweka. Siku nikifa, watu wakija msibani wakute sebule imependeza.”

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Naye akacheka, machozi yakamtoka. Mwaka mzima nimenuna bure, jamani!

Nikamuuliza, sasa Krismasi hii nikufumie nini?

Akafikiri kidogo. “Vilevile. Ila safari hii fuma vibaya vibaya, nipate kuvikalia.”

Nimeanza jioni hii hii, kwa uzi wa njano uliobaki nikachanganya na zambarau, rangi ambazo hata hazipatani. Mstari wa tatu nikaruka tundu. Siku zote nikikosea huwa nafumua mpaka mwanzo.

Nimeliacha.