Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Ijumaa, Mombasa

Baba, akiniozesha kwa video kutoka Kismayo, alifika kwenye "nimekuozesha binti yangu", kompyuta ikaganda. Mdomo wake ukabaki wazi kwenye kioo, jina langu hajalitaja.

Sheikh na bwana harusi wakasubiri. Nikazima, nikawasha, nikachomoa modemu na kuichomeka tena. Intaneti ikarudi kidogo, ikapotea, mashine ikaganda upya. Kuigusa, ina moto kama pasi.

Kumbe Mama alikuwa ameifunika kitambaa chake cha kutarizi, kimeziba matundu yote, na chetezo cha udi kinafuka ubavuni.

"Inataka hewa, Mama!" Nilimfokea mbele ya wageni.

"Babako anaoza bintiye," akasema kwa lafudhi ya kwao. "Mchu mzima aketi mahali patupu?"

Nilipokiondoa, mashine ikapoa na intaneti ikatulia. Lakini habari zikaja kwamba Kismayo mapigano yameshaanza, na Baba hapokei. Sheikh akasema ndoa haijafungwa, wageni wakaondoka.

Sasa kompyuta ni nzima kabisa. Nampigia tu, nampigia...

Mama yuko kando yangu, kitambaa amekikunja mapajani. Kila simu inapokatika bila kupokelewa, ananiuliza kama sasa ina hewa ya kutosha.